Jibu: Doberman kwa joto la Mtwara, anafaa?

Mkuu, umeuliza kama mbwa aina ya Doberman atakufaa hapo Shangani, geti lipo ila unashinda kazini. Mimi niko Mikindani, wangu ana miaka minne. Kwa ulinzi ondoa shaka. Mjerumani aliyewaanzisha, Dobermann wa Apolda, alikuwa mkusanya kodi, unaelewa kwa nini alihitaji mbwa wa kuongozana naye!

Shida ni upweke. Huyu si mbwa wa kufungia bandani kutwa. Anakufuata mpaka chooni, anakaa nje pua kaibana kwenye uwazi chini ya mlango, anahema. Nilimwacha siku mbili tu na kijana wa kazi, nikakuta katafuna fremu ya mlango na ndala zangu zote.

Mtembeze alfajiri au baada ya magharibi, mchana wangu amelala chali kwenye saruji. Kupe mkague kila jioni, masikioni na katikati ya vidole. Majirani wakienda kuswali mshike, asije akawalamba. Na kabla hujalipa, uliza kama wazazi wake wana tatizo la moyo, Doberman wengi wanaondoka ghafla kwa hilo.