Baridi ya Kabale na Yaka (umeme wa kulipia kabla) inayokimbia: pasha mtu, achana na kupasha nyumba

Wenye kuishi Kabale, huku kusini-magharibi mwa Uganda, mnajua, ikifika Juni na Julai usiku unashuka hadi digrii 10 hivi, na nyumba zetu nyingi ni mabati bila silingi, joto lote linapitia juu. Sasa kwetu tunaishi na mama mkwe, mtu wa Arua, amezoea jua, saa kumi na mbili jioni tayari anatetemeka. Mimi nimezaliwa hukuhuku, hita ikiwaka sipati usingizi. Mume wangu yuko katikati anatafuta amani.

Piga hesabu na mimi. Hita ya wati 2,000 inakula yuniti 2 kwa saa, ukiwasha masaa manne ni 8, yaani jioni mbili tu na zile yuniti 15 za bei nafuu za mwezi mzima zimekwisha! Na bado mmoja anasikia baridi mwingine anatoka jasho.

Kwahiyo tukahamisha watu badala ya joto. Mama tulimpa chumba kinachopakana na jikoni, ule ukuta unabaki na uvuguvugu hadi usiku wa manane, pazia zito linafungwa kabla jua halijazama na chini ya mlango tunaweka kitambaa kilichokunjwa. Blanketi moja linatandikwa CHINI yake, juu ya godoro, watu wengi wanalundika juu tu na baridi inawapata mgongoni. Halafu chupa ya mpira ya maji moto, kuchemsha lita moja na nusu kwa birika la umeme haifiki hata robo yuniti, acha maji yapoe kidogo ndio umimine, toa hewa, funga, izungushie leso, weka miguuni nusu saa kabla hajalala. Mimi chumbani kwangu nafungua dirisha langu bila kumkera mtu.

Ila jamani sigiri ya makaa isilale ndani na watu, nawaomba sana. Makaa yakiwa mekundu bila moshi ndio watu wanadhani ni salama, kumbe kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, mtu anasinzia haamki, familia zinakwisha hivyo. Kama mzee anataka kuota moto aote barazani, akimaliza sigiri inabaki nje.

Na hiyo chupa ikaguliwe kila mara, mpira ukianza kupasuka nunua nyingine.