Mtazamo wa kimataifa katika somo la informatiki ya afya: niliyojifunza kwa kufundisha

Ndugu mwalimu mwenzangu, umeuliza namna ya kuipa kozi yako ya informatiki ya afya, yaani matumizi ya kompyuta na taarifa katika huduma za afya, sura ya kimataifa bila kuongeza saa za masomo, na umeeleza kwamba kwa sasa una mhadhara mmoja wa wiki ya mwisho unaohusu mifumo ya nchi nyingine. Nimefundisha somo hili kwa miaka 12, na katika ile minne ya mwanzo nilikuwa na mhadhara wa namna hiyohiyo, katika wiki hiyohiyo. Ushauri wangu ni kwamba uufute. Una manufaa yake, lakini unampa mwanafunzi fundisho ambalo sisi walimu hatukulikusudia: kwamba upo mfumo wa kawaida, ambao ndio aliousoma wiki zote zilizotangulia, kisha zipo nchi nyingine zenye mambo yao, za kutazamwa upesi kabla ya mtihani.

Mahali pa mhadhara ule niliweka swali moja ambalo sasa linarudi katika kila mada: mfumo huu umechukulia nini kuhusu mahali ulikobuniwa? Kila mfumo wa taarifa za afya umejengwa juu ya dhana kuhusu nani anayelipia matibabu, mgonjwa anatambulishwaje, nani anayejaza rekodi na kwa lugha gani, umeme na intaneti vinapatikana kwa kiasi gani, na sheria inamruhusu nani kusoma nini. Mtu aliyekulia ndani ya mfumo mmoja hazioni dhana hizo, kama vile asivyoisikia lafudhi yake mwenyewe. Akiwekewa mfumo wa pili kando ya ule wa kwanza, katika tatizo lilelile, huanza kuzisikia.

Chukua mada ya utambulisho wa mgonjwa. Zamani niliifundisha kama suala la ufundi tu: namba ya mgonjwa, kanuni za kulinganisha majina, makosa ya kurudiarudia rekodi. Siku hizi nawapa wanafunzi kazi ya kuunganisha rekodi za mtu mmoja aliyetibiwa katika hospitali mbili, na kundi moja linaifanya likiwa Denmark, lingine likiwa Marekani. Denmark iliwapa wakazi wake wote namba ya utambulisho mwaka 1968, kwa hiyo kundi lile humaliza mapema. Marekani, sheria ya HIPAA ya mwaka 1996 iliagiza kuwepo kwa namba ya kitaifa ya mgonjwa, lakini tangu mwaka 1998 Bunge la nchi hiyo limekuwa likizuia fedha za wizara ya afya zisitumike kuiweka, kwa hofu ya kuvunja faragha ya raia. Kundi la pili hulazimika kulinganisha majina, tarehe za kuzaliwa na anwani, na kukisia kwa hesabu za uwezekano. Mwisho wa kipindi, wanafunzi wenyewe hueleza kwa nini mbinu za kulinganisha rekodi zimeandikiwa makala nyingi mno katika nchi moja na chache katika nyingine, na kwamba chanzo cha tofauti hiyo ni uamuzi wa kisiasa, wala hakihusiani na uwezo wa kompyuta.

Zoezi la pili ni dogo zaidi, nami ndilo ningekushauri uanze nalo. Naandika ubaoni: glukosi, 7. Ni sukari ya damu, namba peke yake, bila kipimo. Kisha nauliza kama mgonjwa huyu yuko salama. Mwanafunzi aliyezoea kupima kwa milimoli kwa lita atasema kwamba, ikiwa mgonjwa hajala, hapo ndipo mpaka wa kisukari ulipo. Aliyezoea miligramu kwa desilita atashtuka, kwa kuwa kwa kipimo chake mpaka huohuo ni 126, na mtu mwenye 7 yuko katika hatari ya kufa wakati huohuo. Kubadilisha kipimo kimoja kuwa kingine ni kuzidisha au kugawanya kwa takriban 18 tu. Lakini kigawanyo hicho ni cha glukosi peke yake. Kwa kreatinini, inayopimwa kuchunguza figo, kati ya mikromoli kwa lita na miligramu kwa desilita, ni 88.4. Kutoka hapo unaweza kuingia katika LOINC, orodha ya misimbo ya vipimo vya maabara iliyoanzishwa katika taasisi ya Regenstrief, Indianapolis, mwaka 1994, na mwanafunzi ataona kwa nini glukosi iliyopimwa kwa uzito ina msimbo wake na ile iliyopimwa kwa moli ina wake. Kabla ya zoezi hili wanafunzi wangu waliiona orodha ile kama urasimu. Baada yake wengi huitaka.

Nitatumia nafasi kubwa zaidi kwa suala la data za kufundishia, kwa sababu hapo ndipo nilipokosea na ndipo nilipojifunza zaidi. Tulipoanza kufundisha kwa pamoja na chuo cha nchi nyingine, tulipanga kubadilishana rekodi halisi ambazo majina yalikuwa yameondolewa. Mmoja wa wanafunzi alionyesha, siku mbili kabla ya kuanza, kwamba tarehe za kulazwa zikiunganishwa na jina la kituo kidogo cha afya na ugonjwa usio wa kawaida, mtu anayeishi jirani na kituo hicho angeweza kumtambua mgonjwa. Tuliacha mpango ule mara moja. Namshukuru mwanafunzi yule hadi leo, kwa kuwa idhini za pande zote mbili zilikuwa zimekwisha kusainiwa na sisi walimu hatukuwa tumeliona jambo hilo. Isitoshe, data za wagonjwa zikivuka mpaka, sheria nazo huvuka: kanuni ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data, iliyoanza kutumika Mei 2018, ina masharti yake mahsusi kuhusu kupeleka data nje ya umoja huo, na haimpi mwalimu msamaha kwa kuwa nia yake ni kufundisha.

Badala yake tukatumia Synthea, programu huria iliyotengenezwa na shirika la MITRE, ambayo huzalisha wagonjwa wa kubuni wenye historia nzima ya matibabu tangu kuzaliwa. Nilidhani tumepata data isiyo na nchi. Wanafunzi ndio waliogundua kwamba wagonjwa wale wote wanaishi Massachusetts. Programu ile, isipobadilishwa mipangilio, huiga watu wa jimbo hilo: magonjwa yao, bima zao, anwani zao zenye misimbo ya posta, makundi ya rangi kama yanavyohesabiwa katika sensa ya Marekani. Hapo niliona kwamba nilikuwa na zoezi bora kuliko lile nililolipanga. Sasa naligawa darasa katika makundi, nawapa faili za wagonjwa 100 wa kubuni, na kazi yao ni kutafuta alama zote za nchi zilizomo humo, kisha kueleza ni zipi zingeleta madhara iwapo mtu angeufundisha mfumo wa akili mnemba kwa data hizo na kuupeleka mahali pengine. Kundi moja liliona kwamba magonjwa ambayo wao huyakuta kila siku wodini karibu hayamo kabisa. Lingine liliona kwamba kila ziara ya hospitali ina gharama na mlipaji, na likauliza mfumo huo ungeandika nini katika nchi ambako mgonjwa hatozwi chochote mlangoni. Maswali hayo yana thamani kuliko mihadhara yangu yote ya wiki ya mwisho.

Kuna jambo jingine ambalo nakuomba ulitilie mkazo, kwa sababu vitabu vingi hulipita haraka. Mtazamo wa kimataifa ukifundishwa vibaya hugeuka kuwa hadithi ya nchi zenye mifumo kuzifundisha nchi zisizo nayo. Historia ya fani hii haisemi hivyo. DHIS2, programu huria ya takwimu za afya inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumika katika nchi zaidi ya 70, mizizi yake iko Afrika Kusini, katika mradi ulioanza mwaka 1994 ili kuunganisha takwimu za mfumo wa afya uliokuwa umegawanywa kwa misingi ya rangi. Januari 2020, wakati sehemu kubwa ya dunia haijaanza kujiandaa, wataalamu wa Sri Lanka walitengeneza ndani ya DHIS2 sehemu ya kuwafuatilia wasafiri walioingia nchini kutoka maeneo yenye virusi vya korona. Kazi yao ilichangia vifurushi vya DHIS2 vilivyotumiwa na nchi nyingine, na mwaka huohuo manispaa nyingi za Norway nazo zikawa zinafuatilia waliokutana na wagonjwa kwa mfumo uliojengwa juu ya DHIS2. Kwa mwalimu, sehemu muhimu ya kisa hiki ni kwamba Sri Lanka ilikuwa na madaktari waliosomea shahada ya uzamili ya fani hii katika Chuo Kikuu cha Colombo, na wakati wa dharura ulipofika hawakuhitaji kuanza kutafuta mtu wa kuwaeleza programu inafanyaje kazi.

Upande wa pili, wanafunzi wajue kwamba utajiri haumkingi mtu. Uingereza ilianzisha mwaka 2002 mpango mkubwa wa kompyuta kwa huduma ya afya ya taifa, na Septemba 2011 serikali ikatangaza kuuvunja, baada ya mabilioni ya pauni kutumika. Mimi huwapa kisa hiki pamoja na kile cha Estonia, iliyoanza kutumia mfumo wa taifa wa rekodi za afya mwaka 2008 ikiwa tayari na kitambulisho cha kielektroniki na njia ya kuunganisha kanzidata za serikali. Naomba tu wasikimbilie kusema kwamba Estonia ilifaulu kwa kuwa ni ndogo. Udogo ni sehemu ya jibu, lakini mwanafunzi akiishia hapo hataona kwamba msingi uliwekwa miaka kadhaa kabla ya hospitali kuunganishwa.

Kuhusu kufundisha kwa pamoja na chuo cha nje, ambako umesema ungependa kujaribu: inawezekana, ila usianze na vipindi vya mubashara. Muhula wetu wa kwanza ulienda vibaya. Wenye intaneti ya kasi na Kiingereza chepesi walizungumza, wengine wakanyamaza, na sisi walimu tukadhani walionyamaza hawana la kusema. Muhula uliofuata tuliamua kwamba kila kundi la mchanganyiko liandike kwanza, kwa siku 5, kila mtu kwa saa zake, na kipindi cha mubashara kije mwisho, kikiongozwa na yule ambaye mtandao wake ni dhaifu zaidi, ili wengine wote waende kwa mwendo wake. Waliokuwa kimya ndio walioandika uchambuzi wa kina kuhusu nini hutokea kwa rekodi wakati umeme umekatika, kwa kuwa wenzao hawakuwahi kulazimika kulifikiria jambo hilo.

Umeuliza pia namna ya kuishawishi idara yako. Peleka mapendekezo ya elimu ya Shirikisho la Kimataifa la Informatiki ya Tiba, IMIA, yaliyotolewa kwanza mwaka 2000, yakapitiwa upya mwaka 2010 na tena mwaka 2023. Yanataja umahiri unaotarajiwa kwa wataalamu wa fani hii, na kamati za mitaala huyaheshimu. Yaweke kando ya silabasi yako ya sasa, umahiri kwa umahiri, uone ni mada zipi tayari zinabeba ulinganisho na zipi ni za kurekebisha. Kwangu, mada 9 kati ya 14 hazikuhitaji saa ya ziada hata moja.

Mtihani nao ubadilike, vinginevyo wanafunzi watalipuuza swali lako wakijua haliulizwi. Mimi huwapa fomu ya usajili wa mgonjwa kutoka mfumo fulani, yenye nafasi ya jina la kwanza, jina la ukoo, na tarehe kamili ya kuzaliwa, zote za lazima. Wanatakiwa kumsajili mtu mwenye jina moja tu, anayejua mwaka aliozaliwa lakini hajui siku wala mwezi, kisha waeleze data hiyo itakavyosomeka baadaye katika takwimu. Wengi huandika tarehe 1 Januari, kama wafanyavyo makarani wengi kazini. Wachache hukumbuka kwamba FHIR, kiwango cha kubadilishana taarifa za afya kati ya mifumo, kinaruhusu kuandika mwaka peke yake, na kwamba kizuizi kimewekwa na aliyeitengeneza fomu. Hao ndio ninaowapa alama zote.