Maswali ya wasomaji: Ndoo, viroba na mabomba ya kuoteshea mboga

Swali: Habari za kazi, wataalamu. Naishi Mbagala, nyumba ya kupanga, uwani kote ni saruji. Nataka kuotesha mchicha na bilinganya kwenye madumu ya njano ya mafuta ya kula na ndoo za rangi za lita 20. Jirani ananionya kwamba plastiki ina sumu na itaingia kwenye mboga. Ni kweli?

Jibu: Kabla ya kuiogopa plastiki, uliza hicho chombo kilibeba nini kabla hakijafika kwako. Hapo ndipo hatari kubwa ilipo.

Geuza dumu utazame kitako. Utaona pembetatu ya mishale yenye namba ndani. Namba 2, 4 na 5 ni plastiki tulivu, na madumu mengi ya mafuta ya kula ni namba 2. Yakikaa na udongo wenye joto la kawaida, hayana kikubwa cha kuachia. Namba 3 na 6 ziache. Namba 7 ni mchanganyiko wa aina nyingi, nayo usiipandie chakula kama hujui ni ipi. Ila namba inakueleza plastiki tu, haikuelezi kilichokuwa ndani.

Dumu lililobeba dawa ya kuulia wadudu, dizeli, tina au maji ya betri usilitumie, hata ukilisuuza mara kumi. Dawa na mafuta ya namna hiyo huzama ndani ya plastiki yenyewe, kisha hutoka kidogo kidogo. Kutokunuka si ushahidi, maana dawa nyingine hazina harufu. Muuzaji akikuletea dumu lililokwanguliwa lebo na hana maelezo, mrudishie.

Ndoo ya rangi ya mafuta usiipandie mboga kabisa. Baadhi ya rangi hizo zina risasi, na mboga za majani kama mchicha hufyonza madini ya namna hiyo kuliko mboga za matunda. Ya rangi ya maji ina nafuu, lakini rangi hiyo nayo hutiwa dawa za kuzuia ukungu. Sisi tungeipandia maua, mboga tukazipa madumu ya mafuta ya kula.

Dumu likishapatikana, likate ubavu mmoja ulilaze, halafu lioshe kwa maji ya moto na sabuni hadi utelezi uishe. Mafuta yakibaki huvunda na kuita sisimizi. Toboa matundu manane kwenye upande wa chini, kila moja upana wa kidole kidogo. Ukitumia msumari wa moto, fanyia nje, upepo ukiwa mgongoni, usivute ule moshi. Funika matundu kwa kipande cha wavu wa dirisha. Kokoto chini usiweke: watu wengi huamini zinasaidia maji kutoka, kumbe maji hutuama kwenye udongo ulio juu yake na mizizi inakuwa karibu zaidi na unyevu huo. Inua dumu juu ya vipande viwili vya tofali ili matundu yapumue.

Mchicha unatosheka na udongo wa kina cha sentimita 15 hadi 20. Bilinganya mpe lita 20 nzima, mche mmoja.

Swali: Nina viroba vya unga nilivyopandia sukuma wiki hapa Tabata. Sasa vinachambuka, nyuzi zinaingia kwenye udongo. Niendelee kuvuna?

Jibu: Vuna, lakini kiroba kimefika mwisho. Kinachokiua ni jua. Plastiki ya kiroba isiyo na kinga hukauka na kuwa dhaifu ndani ya miezi michache hadi mwaka. Bana ukingo kwa vidole viwili uvute: ukikatika kama karatasi, hamishia udongo kwenye kiroba kipya leo, kabla cha zamani hakijapasuka chenyewe. Ukichelewa, vipande vidogo hubaki udongoni, na kuviokota vyote haiwezekani. Chekecha udongo kwa chekeche la mchanga kabla ya kuutumia tena. Kiroba kipya kiweke upande wa kivuli cha mchana, au kizungushie gunia la katani. Kitadumu na mizizi haitaungua. Kiroba kilichoisha usikichome.

Swali: Mabomba ya zamani ya maji taka, ya plastiki, yanafaa kupandia spinachi? Niko Kigamboni.

Jibu: Hapana. Hayo ni namba 3, na ya zamani huenda yalitengenezwa kwa viungo vyenye risasi. Tena yamepitisha maji taka. Ukitaka bustani ya kusimama, nunua bomba jipya lililoandikwa kwamba ni la maji ya kunywa; hilo, hata likiwa namba 3, limetengenezwa kwa ajili ya maji hayo. Ukilikata, kata kwa msumeno, usilichome kwa moto: moshi wa plastiki namba 3 una gesi ya asidi inayounguza koo na mapafu.