Kimulimuli kwenye gari la ulinzi

Ndugu, umeuliza kama pikapu ya kampuni yenu ya ulinzi hapo Kisasa, Dodoma, inaweza kufungwa kimulimuli cha bluu na king'ora, kwa kuwa mnakimbilia alamu usiku. Usifunge. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, Sura ya 168, inatambua magari ya dharura: polisi, zimamoto, ambulensi. Kampuni ya ulinzi ni biashara binafsi, hata walinzi wavae kombati namna gani. Juzi niliona pikapu moja imesimamishwa barabara ya Dar, dereva yuko juu ya bodi na bisibisi anakifungua mwenyewe, trafiki anamtazama tu. Alamu ikilia, mataa mekundu yanawahusu kama bajaji.