Kabla hujanunua hedifoni za omu 250, cheki kwanza pleya yako

Mwaka juzi nilipata hedifoni za Beyerdynamic DT 990 Pro, za omu 250, kwa jamaa mmoja aliyekuwa anafunga studio yake, mtumba ila safi, sponji tu ndo zilikuwa zimechoka. Kufika home nikachomeka kwenye kapleya kangu ka mfukoni, nikapandisha sauti mpaka mwisho, na bado feni ya dari naisikia vizuri kabisa (sawa, hizi hedifoni ziko wazi nyuma, feni utaisikia tu, lakini sio kwa kiasi kile bana). Nikajua nimepigwa. Nikampigia kwa hasira, akacheka, akaniuliza, "Kaka, pleya yako inatoa volti ngapi?"

Sikuwa na jibu. Mimi nilikuwa najua omu tu, na hata hizo nilikuwa naamini zikiwa nyingi ndo hedifoni kali.

Sasa iko hivi. Omu ni kipimo cha ukinzani, yani jinsi hedifoni inavyouzuia umeme kupita. Hedifoni za omu 250 hazili umeme mwingi kama watu wanavyosema, zinachotaka ni volti, yani ni kama bomba la ghorofani, maji yapo kwenye tenki ila presha haifiki juu. Hesabu ya nguvu inayofika kwenye hedifoni (wati) ni ya darasani: volti mara volti, gawa kwa omu. Kapleya kangu kalikuwa kanatoa nusu volti, kwa hiyo 0.5 mara 0.5 ni 0.25, gawa kwa 250, unapata wati 0.001, yani miliwati 1. Na Beyerdynamic wenyewe wanaandika kwamba kwa miliwati 1 hizi DT 990 zinatoa desibeli 96 (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti). Utasema mbona 96 ni nyingi? Nyingi ndio, ila hiyo ni pale muziki unapogonga juu kabisa, wastani wa wimbo unaweza kukaa desibeli 15 au 20 chini ya hapo. Bongo Fleva za siku hizi zinarekodiwa kwa sauti kubwa kwa hiyo zilijikongoja, lakini nikiweka zilipendwa, kimya.

Halafu kuna mtego wa kwenye boksi, huu uniamini. Unakuta pleya imeandikwa miliwati 60 kwa omu 32, ukadhani na hedifoni zako za omu 250 utapata hizo hizo 60. Hupati. Miliwati 60 kwa omu 32 ni kama volti 1.4 hivi, ukiipeleka kwenye omu 250 inabaki karibu miliwati 8. Inatosha kwa wengi, ila sio 60.

Na usije ukakimbilia omu chache ukadhani umepona. HiFiMAN HE400se ni omu 25 tu lakini ni nzito kuendesha, desibeli zake 91, hizo zinataka ampea, yani wingi wa umeme, sio volti, kapleya kadogo kanaishiwa pumzi besi ikiingia. Kwa hiyo soma namba mbili pamoja, omu na desibeli, moja peke yake inadanganya.

Upande wa pili ni zile iafoni ndogo za omu 16 zinazotoa sauti kubwa kwa umeme kidogo tu. Hizo kwenye amplifaya kubwa unasikia shhhh hata wimbo haujaanza. Tena angalia ukinzani wa pleya yenyewe upande wa kutoa sauti, wengi tunataka usizidi sehemu moja ya nane ya omu za hedifoni, maana ukizidi, iafoni zenye spika nyingi ndani zinabadilika sauti kabisa.

Kama ndo unanunua leo na huna amplifaya, DT 770 Pro zipo za omu 32, 80 na 250, mimi ningechukua 32 au 80 nikalala zangu. Mie nilishanasa na 250 kwa hiyo nikatafuta kaamplifaya ka USB kanakotoa volti 2, hapo ni miliwati 16, na sijawahi kufika hata robo tatu ya sauti. Kapleya kamebaki kwa iafoni za kwenye daladala.