Paka mwoga: mpe kona yake, usimfuate

Ujumbe ninaoupata mara nyingi kuhusu paka ni wa namna moja: "Dada, nimechukua paka, yuko chini ya kochi tangu juzi. Nikipeleka mkono anafoka. Nimrudishe?" Jibu langu ni lile lile: usimrudishe, na usimvute. Mwache huko huko chini, halafu tulia usome haya, maana kazi ya siku za mwanzo ni yako zaidi kuliko yake.

Nimelea paka kadhaa nyumbani kwangu Kigamboni, na wengi wao wametoka soko la samaki la Feri, ng'ambo tu ya pantoni. Paka wa sokoni anawajua watu. Anaujua mkono unaorusha kichwa cha samaki na anaujua mkono unaorusha jiwe, ila hawezi kujua ni upi kati ya hiyo miwili unaomjia. Aliyenifundisha zaidi ni jike mmoja wa milia ya kijivu niliyemwita Kibua. Mama mmoja anayekaanga samaki pale aliniambia, "Mchukue huyu, dada. Wenzake wanampiga, hata utumbo hapati." Nikavuka naye.

Woga wa paka una chanzo. Kitoto cha paka huzoea binadamu kwa urahisi kati ya wiki ya 2 na ya 7 ya umri wake. Akishikwa kwa upole wakati huo, akasikia sauti za watu na milio ya sufuria, atakua akijua kwamba watu ni sehemu ya maisha yake. Aliyezaliwa juu ya dari au nyuma ya matenga ya samaki, mama yake akimhamisha kila watu wakisogea, kipindi hicho kimempita. Bado anaweza kuzoea ukubwani, lakini polepole. Juu ya hapo kuna kuhamishwa kwenyewe. Paka huitambua nyumba yake kwa harufu, na nyingi ameziacha mwenyewe kwa kusugua mashavu kwenye miguu ya meza na kona za milango. Kwako hakuna hata moja. Ndiyo maana hata paka mpole aliyelelewa vizuri kwa shangazi yako anaweza kukaa uvunguni siku kadhaa akihamia kwako.

Kwa safari, tafadhali usimtie kwenye kiroba. Najua ndivyo wanavyobebwa paka wengi, na inaniuma kila nikiona. Tenga la plastiki la kubebea kuku linatosha kabisa: tandika kitambaa ndani, funika kwa kanga ili asione msongamano, acha upande mmoja wa kupitisha hewa. Wala usidanganywe na ukimya. Kibua hakulia hata mara moja njiani, lakini nilipochungulia nilimkuta amejibana kwenye kona, mboni zimetanuka hadi macho yamekuwa meusi, masikio yamelala pembeni, mkia ameukunja chini ya mwili. Huo ni woga mkubwa kuliko wa paka anayelia.

Ukifika, usimfungulie nyumba nzima. Mpe chumba kimoja chenye mlango unaofungwa, stoo au chumba cha wageni, mradi hakina joto kali la bati. Kagua dirisha: kama kichwa chake kinapita kwenye nondo, mwili nao utapita, na wavu wa mbu hauzuii paka aliyeshikwa na hofu. Ziba nafasi ya nyuma ya kabati ambayo akiingia hutaweza kumfikia. Weka maji, chakula, na mbali na hivyo viwili weka beseni pana lenye mchanga mkavu. Paka wa nje anaujua mchanga, hahitaji kufundishwa. Dawa zile za kusafishia zinazogeuka nyeupe zikichanganywa na maji usizitumie kuosha beseni hilo wala sakafu yake, kwa sababu ni sumu kwa paka. Sabuni na maji vinatosha. Udi na ubani uchomee chumba kingine kwa sasa, na dawa ya mbu ya kupuliza usiipulize akiwa ndani.

Sasa boksi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapobishana nami. Chukua katoni tupu ya mafuta ya kula, ilaze ubavu, kata mlango mdogo unaomtosha yeye tu, elekeza mlango huo kando ili asitazamane na anayeingia. Ndani tandika kanga au fulana uliyolalia, bila kuifua, ili aanze kuzoea harufu yako wakati wewe mwenyewe haupo. Watu huniambia, "Ukimpa pa kujificha hatatoka." Nimeona kinyume chake, na utafiti unaniunga mkono. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, waliwafuatilia paka 19 waliokuwa wamefika kwenye kituo cha kulelea wanyama. Wale waliopewa boksi la kujificha walitulia mapema kuliko wale ambao hawakupewa. Paka mwenye maficho anaweza kuchungulia, kwa sababu anajua atarudi wapi. Asiye nayo hubaki ameganda pembeni mwa ukuta, na aliyeganda hajifunzi chochote. Ongeza rafu au meza ya juu kama unayo, maana wengine hutulia wakiwa juu kuliko wakiwa chini.

Akiwa kwenye boksi au uvunguni, hapo ni kwake. Usiingize mkono. Usimsukume kwa ufagio eti ukafagie. Kila anapotolewa kwa nguvu anajifunza kwamba maficho yake hayafai, na kesho atatafuta ya ndani zaidi.

Basi ufanye nini? Uwepo, bila kumtaka kitu. Mimi huingia nyakati zile zile kila siku, asubuhi kabla ya kutoka na jioni kukiwa kimya, nabisha mlango kidogo na kusema maneno yale yale. Kisha nakaa mkekani, nimempa ubavu, nachambua mchele kwenye ungo. Kuchambua mchele kunafaa sana: mikono ina kazi, macho yanaangalia chini, na mchakacho wake ni mdogo na wa aina moja. Kwa sauti nyembamba, sikio la binadamu huishia kwenye kilohezi 20 hivi (kilohezi ni kipimo cha wembamba wa sauti). La paka hupita 60. Kicheko cha sebuleni kinachokuburudisha wewe, au mfuko wa plastiki unaoukunjua, humfikia mwenzako kwa ukali mwingine kabisa.

Usimkazie macho. Kwa paka, kukodolewa ni ugomvi. Mkikutana macho, yafumbe nusu taratibu, yafungue taratibu, kisha angalia pembeni. Mwaka 2020 watafiti wa vyuo vikuu vya Sussex na Portsmouth, Uingereza, walionyesha kwamba paka hujibu ishara hii kwa kufumba macho yao pia, na humsogelea kwa urahisi zaidi mgeni anayewafanyia hivyo kuliko anayewatazama bila hisia yoyote. Jaribu. Nafurahi kila mara paka anaponijibu, hata kama mwili wote bado umejificha.

Kibua alitoka kwa vipande. Kwanza pua, ikifuatiwa na sharubu zilizoelekezwa mbele. Baadaye shingo, iliyonyooshwa mbali kabisa huku miguu ya nyuma imebaki ndani ya boksi, tayari kurudi. Alinusa ukingo wa ungo, akanusa kucha ya dole gumba langu, akarudi. Sikusogea wala sikumsifu. Kesho yake alinusa tena, akasugua shavu kwenye ungo.

Chakula ndicho rafiki yako mkubwa, ukikitumia kwa saa maalumu badala ya kukiacha kutwa nzima. Weka, kaa mbali naye, ondoka akimaliza. Sahani isogee kwako kidogo kidogo siku zinavyopita. Akisita, irudishe nyuma. Dagaa wa baharini mara nyingi huchemshwa na chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo loweka, mwaga maji, chemsha upya bila chumvi. Samaki aina ya kibua aliyechemshwa na kutolewa miiba, moyo na firigisi za kuku, vyote vizuri. Ugali uliopakwa mchuzi haumtoshi, maana paka ni mla nyama kwa maumbile. Vitunguu maji na vitunguu saumu vinaharibu damu yake, kwa hiyo mabaki ya mchuzi wetu hayamfai. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wakubwa.

Siku ya kwanza akikataa kula ni kawaida, na wengi hula usiku mkiwa mmelala. Lakini mkubwa akipitisha siku mbili bila kula chochote, mpigie daktari wa mifugo, na kwa kitoto usingoje hata siku nzima. Paka asiyekula, hasa aliyenenepa, huweza kuharibika ini kwa mafuta yanayokimbilia huko. Na usimpe panadol kwa hali yoyote, hata robo ya kidonge. Inaua paka. Vivyo hivyo dawa za viroboto na kupe za mbwa, kwa kuwa nyingine zina pemetrini ambayo mwili wa paka hauiwezi.

Kumgusa kuje baada ya yeye kukugusa. Nyoosha kidole kimoja, kwa usawa wa pua yake, ukiwa umekaa. Akisugua, mkune shavuni au chini ya kidevu, sekunde chache tu, kisha acha. Tumbo na mkia usiviguse. Mkia ukianza kupigapiga sakafu au ngozi ya mgongo ikitetemeka, ameshatosheka. Acha kabla hajakuomba kwa kucha. Akikukwaruza au kukuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo uulizie chanjo ya kichaa cha mbwa, hasa kama paka ni wa mtaani na hajachanjwa.

Watoto si tatizo wakipewa kazi. Mtoto wa kaka yangu alipokuja likizo aliniuliza, karibu kulia, "Shangazi, mbona ananikimbia?" Nikamwambia, "Bado hajakujua, baba. Kaa pale mlangoni umsomee kitabu chako, sauti ndogo." Akamsomea kitabu cha darasa la pili, ukurasa kwa ukurasa, kila jioni. Kabla likizo haijaisha Kibua alikuwa analala mbele ya boksi wakati wa kusomewa, na mtoto naye kusoma kwake kumenyooka.

Kazi ngumu zaidi ni watu wazima. Kuna anayeona paka ni uchafu, na kuna anayesema paka mweusi ni wa wachawi. Kwa wazee wa nyumbani kwetu huwa nawakumbusha hadithi ya Abu Qatada, sahaba wa Mtume Muhammad, aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu mpaka akanywa, akasimulia kwamba Mtume alisema paka si najisi, ni katika wale wanaowazungukia watu majumbani. Baada ya hapo mjadala hupoa, na angalau hakuna anayempiga teke.

Utajua wakati wa kufungua mlango wa chumba umefika akianza kula ukiwa karibu, akitembea mkia umesimama wima, akinyoosha mwili na kujilamba mbele yako. Fungua usiku, wageni hawapo, redio imezimwa. Usimwite. Boksi libaki pale pale, mlango ubaki wazi, ili mvua ya kwanza ikigonga bati awe na pa kurudi. Wengine watakuja kulala miguuni pako. Wengine hawatakalia mapaja ya mtu maisha yao yote, watakaa mwisho wa mkeka wakikutazama, na hao nao wamekuzoea. Kibua ni wa kundi hili, na nampenda hivyo hivyo.

Nje asitoke wiki kadhaa za mwanzo, na akitoka awe ameshachanjwa na kufungwa kizazi. Dume asiyehasiwa atazurura, atapigana na kukojolea kuta. Jike atakuletea vitoto kabla hajakuzoea wewe. Waulize majirani kama wanatumia sumu ya panya, maana panya aliyekula sumu huweza kumdhuru paka anayemla.

Akikuponyoka mapema, usikimbilie mtaa wa tatu. Paka aliyeogopa hujibanza karibu: chini ya gari, ndani ya mtaro mkavu, nyuma ya tangi la maji, juu ya mwembe wa jirani. Subiri mtaa utulie, saa nne usiku na kuendelea, utoke na tochi na sahani ya samaki, uite kwa maneno yale yale uliyokuwa ukisema mlangoni. Weka boksi lake karibu na geti pamoja na kanga yake. Mwambie mlinzi na mwenye genge, na uwaombe jambo moja: wakimwona wasimkimbize wala kujaribu kumkamata, wakupigie simu wewe.