Msome Kamala Das

Ndugu, ukisema washairi wa Kihindi huimba mapenzi ya miungu tu, ya mwili wanayaonea haya, basi hujakutana na mshairi Kamala Das wa Kerala, kusini mwa India. Huyu aliozwa akiwa na miaka 15. Katika shairi la kujitambulisha, kwenye diwani yake ya 1965, anavaa shati na suruali ya kaka yake, anakata nywele. Wakubwa wanamjia juu: vaa sari, pika, uwe mke! Mwili unataka, nyumba inakataza. Na mama mtu, Balamani Amma, naye mshairi, tena alisifika kwa kuimba umama. Mimi ile suruali hunigusa kuliko mistari yake yote ya kitandani.